"Invalid object name" baada ya stima kupotea: data ya duka haijaenda popote, tafadhali msirudishe bakap kwanza

Swali:

"Asalaam aleikum kaka. Mimi ni dada yako, mhasibu wa duka la jumla hapa Lamu, na tuna tawi Malindi. Tunatumia Dynamics GP, programu ya uhasibu ya Microsoft. Mwezi uliopita fundi kutoka Mombasa alituhamisha kutoka seva ya zamani hadi mpya, tukaendelea kupiga invois kama kawaida, karibu wiki tatu hakuna shida isipokuwa kila mtu ilibidi apewe paswedi mpya. Juzi usiku stima ikapotea, UPS haikuhimili, asubuhi seva ikawashwa na tangu hapo hakuna anayeweza kufanya kazi, skrini inaleta maneno 'Invalid object name tempdb..DEX_LOCK'. Nimezima nimewasha, wapi. Bosi anasema stima imekula data na anataka turudishe bakap ya siku ile ya kuhama kwa sababu ndo tuna hakika nayo. VAT ni tarehe 20 na invois zote za hizi wiki tatu ziko humo ndani. Je ni kweli data imeenda? Nifanye nini?"

Jibu:

Wa aleikum salaam dadangu, na pole sana, najua kukaa mbele ya skrini kama hio huku bosi amesimama nyuma ya kiti ni mtihani. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa haya uliyoeleza, data yenu karibu hakika iko palepale ilipokuwa, na kitu cha hatari saa hii si hio eror, ni ile bakap ambayo bosi anataka kurudisha. Tafadhali mwambie asubiri hata kama ni leo tu, mpaka mumalize kusoma haya.

Kwa nini nasema hivo? Kurudisha bakap juu ya databesi ya kampuni si kuongeza kilichopungua, ni kuondoa kilichoko na kuweka cha zamani mahali pake. Mkirudisha ya siku ya kuhama, kila invois, kila risiti, kila mali iliyopokewa gatini, kila malipo ya wiki tatu yanafutika. Na baya zaidi ni kwamba hio eror itabaki vilevile! Soma tena jina lililoko kwenye ujumbe: tempdb..DEX_LOCK. Neno la kwanza ni jina la databesi, la mwisho ni jina la kitu kinachotafutwa. Hakitafutwi kwenye databesi ya kampuni yenu, wala kwenye ile DYNAMICS inayoshika mipangilio ya sistimu, kinatafutwa kwenye tempdb, na SQL Server hairuhusu kabisa kuchukua bakap ya tempdb. Kwa hivo kwenye hio bakap ya bosi hakuna DEX_LOCK, haijawahi kuwemo na haiwezi kuwemo. Mtapoteza wiki tatu za kazi halafu mtawasha na kukuta maneno yaleyale. Nimeshuhudia duka moja huku Malindi likifanya hivo hivo, wakaanza kupiga upya invois kutoka kwenye nakala za karatasi, na nyingine karatasi zake hazikupatikana.

Sasa tempdb ni nini. SQL Server, ile injini iliyoko chini ya GP, inaweka databesi zenu za kudumu kwenye diski na kuzitunza, lakini pia ina sehemu yake ya kufanyia kazi za muda: hesabu za katikati, orodha za kupanga, vitu vya kutumika na kuachwa. Hio ndo tempdb. Ifikirie kama ule ubao wa chaki pale mnadani wa samaki, bei zinaandikwa, watu wanasoma, na kesho ubao unaanza mtupu. Kila SQL Server inapoanza, iwe imezimwa kwa adabu au imekatiwa stima, tempdb inaundwa upya ikiwa tupu. Hio si hitilafu, ndivyo ilivyotengenezwa.

GP nayo inatumia tempdb kwa mambo mawili. Kuna jedwali linaitwa DEX_SESSION, linalojua ni nani yuko ndani saa hii na kwa muunganisho upi, na kuna DEX_LOCK, linalojua nani ameshika rekodi gani ili wewe ukiwa unarekebisha akaunti ya mteja fulani mwenzako wa Malindi asiirekebishe wakati huohuo mkagongana. Haya majedwali mawili hayana invois hata moja ndani yake, hayana hesabu, hayana stoki. Yana habari za nani yuko mlangoni tu. Lakini GP haikubali kufanya kazi bila hayo, na ina haki, maana bila kufuli watu wawili wangeandikiana juu.

Hapo lazima utajiuliza, kama tempdb inafutwa kila ikiwashwa, mbona miaka yote kwenye seva ya zamani stima ilikuwa inapotea na sistimu inarudi salama? Hapa ndipo penye jibu la tatizo lenu lote. Kwenye databesi nyingine iitwayo master, ambayo ni ya SQL Server yenyewe, GP inaweka maagizo yake yanayoitwa smDEX_Build_Locks, pamoja na mengine yanaitwa smDEX_Max_Char. Yale ya Build_Locks yanawekewa alama kwamba SQL Server ikiamka tu, kabla ya mtu yeyote kuingia, iyatekeleze. Kazi yake ni kuunda upya DEX_LOCK na DEX_SESSION kwenye tempdb tupu. Kwa hivo kwenye seva ya zamani kila stima iliporudi kuna mtumishi alikuwa anafanya kazi kimyakimya bila nyinyi kujua.

Fundi alipowahamisha alichukua databesi ya kampuni na databesi ya DYNAMICS, na hapo alifanya sawa. Lakini master ya seva ya zamani haihamishwi namna hio, kila seva ina master yake, na yale maagizo yakabaki kule. Utauliza basi wiki tatu tulifanyaje kazi? Nashuku, na utaweza kuhakikisha mwenyewe hapa chini, kwamba fundi aliiona hii eror siku ileile ya kuhama, akayaunda majedwali au akayatekeleza yale maagizo kwa mkono mara moja, sistimu ikafunguka, akaridhika akapanda basi kurudi Mombasa, na alama ya kujitekeleza yenyewe haikuwekwa. Kila kitu kilikuwa sawa mradi seva haijazimwa. Juzi usiku ndo ilikuwa mara ya kwanza kuzimwa. Na hizo zima-washa ulizofanya asubuhi zisingeweza kusaidia, maana kila ukiwasha tempdb inaanza tupu tena.

Hata hili la paswedi zenu linalingana na hadithi hii. Paswedi za watumiaji wa GP zinasimbwa zikihusishwa na jina la seva, kwa hivo seva ikibadilika jina watumiaji wa kawaida hukataliwa mpaka wawekewe paswedi mpya, isipokuwa sa, ile akaunti kuu ya SQL Server. Kwa hivo usidhani ile ilikuwa dalili ya kuharibika, ilikuwa dalili tu kwamba mmehamia seva yenye jina jipya.

Tuje kwenye kazi. Utahitaji mtu mwenye ruhusa kamili ya SQL Server, yaani paswedi ya sa au akaunti ya Windows iliyopewa mamlaka hayo. Kama paswedi ya sa anayo fundi peke yake, hilo ni jambo la kuzungumza na bosi leo, maana mwenye duka anafaa awe na ufunguo wa duka lake, umeandikwa na kufungiwa kwenye sefu. Watu wote watoke kwenye GP, Lamu na Malindi, kisha fungua SQL Server Management Studio kwenye seva.

La kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote, chukua bakap ya hali ilivyo sasa hivi, ya databesi ya kampuni na ya DYNAMICS. Ndio, hata kama unadhani imeharibika. Itumie ile aina ya COPY_ONLY ili isivuruge mpangilio wa bakap za kila siku, na uipe jina jipya lenye tarehe usije ukaandika juu ya faili ya zamani. Weka nyingine kwenye diski ya nje. Ukishakuwa na hio mkononi, hata tukikosea mbele tunaweza kurudi hapa tulipo.

La pili ni kumtuliza bosi kwa ushahidi, si kwa maneno. Chagua databesi ya kampuni yenu juu pale kwenye orodha, fungua dirisha la kuandikia, andika hivi:

SELECT MAX(TRXDATE) FROM GL20000

SELECT MAX(DOCDATE) FROM SOP30200

GL20000 ni jedwali la miamala ya leja iliyopostiwa katika mwaka ulio wazi, na SOP30200 ni mauzo yaliyokwisha kupostiwa. Kama mlikuwa mnaposti kila jioni, hapo utaona tarehe ya siku ileile stima ilipopotea au ya jana yake. Kama mna bechi ambazo hazijapostiwa, uliza pia SOP10100, ndiko mauzo yanakosubiri. Muite bosi aone kwa macho yake. Haya maswali yanasoma tu, hayabadilishi kitu, unaweza kuyarudia upendavyo.

Na kwa nini stima haikula hizo invois? SQL Server haiandiki muamala kwenye faili ya data peke yake, inauandika kwanza kwenye faili ya kumbukumbu ya miamala, ile logi, na muamala hauhesabiwi umekamilika mpaka uandikwe kwenye logi iliyoko diski. Ikikatika ghafla, ikiwashwa inasoma logi, kilichokamilika inakihakikisha kimefika, kilichokuwa katikati inakirudisha nyuma kama hakijaanza. Kwa hivo cha kuhofia baada ya stima kupotea ni kile kitu mtu alichokuwa anakifanya sekunde ileile, si kazi ya wiki tatu.

La tatu, sasa tuhakikishe ile shuku yangu. Andika:

SELECT create_date FROM sys.databases WHERE name = 'tempdb'

Hio tarehe na saa ndo wakati SQL Server ilipoamka mara ya mwisho, kwa sababu tempdb inazaliwa hapo. Utaona ni asubuhi ile mlipowasha, au mara ya mwisho wewe mwenyewe ulipozima ukawasha. Kisha:

SELECT name FROM tempdb.sys.objects WHERE name IN ('DEX_LOCK','DEX_SESSION')

Nategemea hapa utapata jibu tupu. Kisha hili la mwisho ambalo ndo lenyewe:

SELECT name, is_auto_executed FROM master.sys.procedures WHERE name LIKE 'smDEX%'

Hapa kuna majibu matatu yanayowezekana. Ukikuta hakuna hata mstari mmoja, maagizo hayapo kabisa na fundi aliunda majedwali kwa njia nyingine. Ukikuta majina yapo lakini smDEX_Build_Locks ina 0 kwenye is_auto_executed, maagizo yapo ila hayajawekewa alama ya kujitekeleza. Ukikuta smDEX_Build_Locks ina 1 na bado majedwali hayapo, basi seva yenyewe imezimwa uwezo wa kutafuta maagizo ya kuanzia, angalia kwenye sys.configurations mstari wa 'scan for startup procs', kama value_in_use ni 0 basi umempata mwizi. Na kama hata huo una 1, soma logi ya SQL Server ya saa ile ilipoamka, kama maagizo yalijaribu yakashindwa mara nyingi sababu inaandikwa pale.

Dawa ambayo mimi naipendelea kwa hali mbili za kwanza ni moja, kwa sababu ni ya waliotengeneza GP wenyewe na haibahatishi. Kwenye folda ilikowekwa GP kwenye seva, ndani ya SQL kisha Util, kuna faili inaitwa dex_req.sql. Ifungue kwenye Management Studio, hakikisha juu pale umechagua databesi ya master na si ya kampuni, itekeleze. Inaunda maagizo yote mawili na kuyawekea alama yale ya Build_Locks. Kisha zima servisi ya SQL Server na uiwashe, kwa utaratibu, watu wakiwa wametoka. Ikiwaka rudia yale maswali mawili ya mwisho: DEX_LOCK na DEX_SESSION ziwe zimeonekana, na is_auto_executed ya smDEX_Build_Locks iwe 1. Hapo fungua GP.

Kama ulikuta 0 tu na majina yapo, unaweza kuwasha alama peke yake kwa EXEC sp_procoption 'smDEX_Build_Locks', 'startup', 'on' ukiwa ndani ya master, na itafanya kazi. Lakini mimi bado ningeendesha dex_req.sql, maana hatujui yule aliyeyaweka aliyatoa wapi na kama ni ya toleo lenu la GP.

Kitu ambacho sikushauri, na utakikuta kimeandikwa sana intaneti, ni kuunda DEX_LOCK na DEX_SESSION kwa mkono kwa amri ya CREATE TABLE ili watu waingie haraka. Itafungua, ndio. Na stima ikipotea tena utaniandikia tena, na pengine itakuwa usiku wa kufunga mwezi. Wala usihangaike kuondoa na kuweka upya GP kwenye kompyuta za watu, tatizo haliko huko, liko kwenye seva moja tu, ndo maana linawapata wote kwa wakati mmoja, Lamu na Malindi. Hio yenyewe ni alama nzuri ya kukumbuka: eror ikimpata mtu mmoja, angalia kompyuta yake au ruhusa zake, ikiwapata wote sekunde moja, angalia seva.

Mkishaingia msikimbilie kupiga invois. Kwanza kuna kitu kidogo kitawasumbua, baadhi ya watu wataambiwa wako ndani tayari ilhali hawako. Hio ni kwa sababu orodha ya walioingia inakaa kwenye jedwali ACTIVITY ndani ya DYNAMICS, na hilo ni la kudumu, halikufutika na stima, kwa hivo bado linakumbuka watu waliokuwa ndani usiku ule. Ingia kwenye dirisha la User Activity uwaondoe mmoja mmoja, ukihakikisha kweli hawako. Kisha uliza wenzako wote, wa Malindi pia, ni nani alikuwa anaposti bechi stima ilipokatika. Kama yuko, bechi yake inaweza kuwa imekwama, na kuna dirisha la Batch Recovery linaloonyesha bechi za namna hio na kuzirudisha au kuzimalizia. Usimruhusu mtu aipige upya ile bechi kwa haraka kabla hujaangalia hapo, mtajikuta na mauzo mara mbili na stoki itakuwa ya uongo. Linganisha na karatasi za siku ile, invois ya mwisho yenye nambari, risiti ya mwisho, GRN (karatasi ya mali iliyopokewa) ya mwisho.

Halafu kuna kazi moja ya kuacha iendeshwe usiku: DBCC CHECKDB kwa databesi ya kampuni na ya DYNAMICS. Hii inapima kama kurasa za data kwenye diski ziko nzima. Ikimaliza mwishoni inatoa hesabu, na unachotaka kuona ni allocation errors 0 na consistency errors 0. Kama kuna hata moja, usiendelee, soma aya ya msaada hapa chini.

Niseme kidogo kwa wengine wanaosoma hapa ambao eror yao inafanana lakini si hii, maana "Invalid object name" ni ujumbe wa SQL Server nambari 208 na unatokea kwa sababu nyingi. Kama jina linalotajwa ni la kampuni na si la tempdb, swali la kwanza si "nani kafuta", ni "tunatafuta wapi". Mara nyingi ripoti au programu ya pembeni imeelekezwa databesi isiyo yake, kwa mfano kompyuta moja ODBC yake, yaani ule mpangilio wa kuiunganisha na databesi, bado inaangalia seva ya zamani iliyobaki kwenye kona imewaka. Ukiangalia hio ODBC kumbuka GP inatumia ile ya biti 32, inayofunguliwa kutoka folda ya SysWOW64, watu wengi wanarekebisha ile nyingine halafu wanashangaa. Mara nyingine moduli mpya iliwekwa kwenye kampuni moja na majedwali yake hayakuundwa kwenye kampuni ya pili. Na kuna hili ambalo limewatesa vijana wengi wanaoandika ripoti: kama seva iliwekwa kwa mpangilio wa herufi wa binari, basi herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, ukiandika rm00101 utaambiwa hakuna kitu kama hicho ilhali RM00101, faili kuu ya wateja, iko palepale. Ripoti iliyoandikwa kwenye seva isiyojali herufi ikihamishiwa kwenye inayojali inakufa siku hiyohiyo.

Na msichanganye 208 na ujumbe unaosema ruhusa imekataliwa. Huo unasema kitu kipo ila wewe huruhusiwi kukigusa, na kwa GP mara nyingi dawa yake ni faili nyingine kwenye folda ileile, grant.sql, inayorudisha ruhusa za kundi la DYNGRP, na hii unaiendesha kwenye databesi ya DYNAMICS na kila databesi ya kampuni. Ila kuna mtego: mtu asiye na ruhusa akiangalia orodha ya vitu kwenye sys.objects haonyeshwi vile asivyoruhusiwa, kwa hivo anaweza kuapa kwamba jedwali halipo na kwa macho yake kweli halipo. Ndo maana nilisema angalia ukiwa na mamlaka kamili.

Sasa lini mumuite mtu aje mwenyewe. Najua kwenu si rahisi, fundi akitoka Mombasa ni siku nzima ya basi mpaka Mokowe, kisha boti, na anataka kulipwa safari na malazi, kwa hivo kwa hili la DEX_LOCK mimi nisingemsafirisha mtu. Mpigie yule fundi aliyewahamisha, umtumie hizi hatua, afanye kwa mbali kwa AnyDesk mkiwa pamoja kwenye simu, kama kweli anajua GP itamchukua muda mfupi na ni kazi aliyofaa kuimaliza siku ile. Mwambie kwa upole tu, hakuna haja ya kugombana, ila akuonyeshe hio 1 kwenye is_auto_executed kabla hajakata simu, na seva iwashwe upya mbele yako.

Lakini kuna hali ambazo nataka muache kila kitu na kutafuta mtu wa kukaa mbele ya mashine. Kama kwenye Management Studio databesi ya kampuni imeandikwa Suspect au Recovery Pending. Kama CHECKDB imetoa eror, na hapo usithubutu kujaribu zile dawa zake za REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS, jina lenyewe linakueleza kwamba inaruhusu kupoteza data. Kama majedwali yanayokosekana ni ya kampuni kweli, yaani ukiwa na mamlaka kamili kwenye databesi sahihi RM00101 au GL20000 haionekani. Kama diski inatoa sauti au seva inajizima yenyewe. Kwa hizo hali bakap itahitajika, lakini hata hapo mtaalamu mzuri atairudisha kwanza kwa jina jingine pembeni ili alinganishe, hataimwaga juu ya mlichonacho.

UPS mshughulikie wiki hii. Betri zake zinachoka mapema kwenye joto, na huko kwenu kuna joto na chumvi ya bahari pamoja, kama imekaa miaka mitatu au minne bila kubadilishwa betri basi haikuwa na nguvu tangu zamani. Muhimu kuliko ukubwa wake ni ule waya wa USB unaotoka UPS kwenda seva, pamoja na programu yake, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Nimeona UPS nyingi kubwa za bei, na ule waya bado uko kwenye boksi. Seva yenyewe isikae chini sakafuni wala karibu na dirisha la upande wa bahari, nimefungua mashine za Lamu zikiwa na kutu ndani na hazijamaliza miaka miwili. Na nakala moja ya bakap isilale Lamu, mna tawi Malindi, iwe inakwenda kule kila usiku kwa intaneti au kila wiki kwa diski.

Kwa upande wa VAT, ripoti za mwezi zitatoka kwenye data hiyohiyo ambayo utakuwa umeshaiona kwa ile MAX(DOCDATE), kwa hivo ukifungua sistimu leo au kesho una nafasi ya kutosha kabla ya tarehe 20. Kwa tahadhari, wakati mnasubiri fundi, pigeni invois za mkono zenye nambari zake zilizofuatana na mziingize baadaye kwa tarehe zake halisi, ila za eTIMS, ule mfumo wa invois wa KRA, zipitisheni kule moja kwa moja, msiziache zikajazana.

Ukikwama popote nitumie picha ya skrini ya majibu ya yale maswali matatu ya tempdb na master, na uandike toleo la GP na la SQL Server mnalotumia. Usinitumie paswedi ya sa, wala usimtumie mtu mwingine yeyote kwa WhatsApp.